Benchi la mashine ya kukereza: vipimo, mbao, mchanga na sakafu

Chukua kipande cha mbao cha kilo 5 ambacho uzito wake umeegemea upande mmoja kwa sentimita 1 tu. Kikizunguka mara 600 kwa dakika kwenye mashine ya kukereza, ile inayozungusha mbao ili patasi iichonge, kinaivuta mashine kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 20. Nguvu hiyo haikai upande mmoja. Inazunguka pamoja na kipande, mara 10 kila sekunde, ikisukuma mbele, chini, nyuma, juu. Ukipandisha kasi hadi 1,200, nguvu haiwi maradufu, inakuwa mara nne: karibu kilo 80. Meza iliyopigiliwa misumari haistahimili mchezo huo hata wiki. Viungo vinalegea, patasi inaanza kudundadunda, na mbao inatoka na mawimbi ambayo msasa hauyaondoi.

Mafundi wengi wakiona hivyo hukimbilia kuongeza uzito, mawe chini ya meza au mfuko wa saruji juu ya rafu. Uzito unasaidia, lakini ni wa pili. Cha kwanza ni benchi lisilopinda na lisilocheza kwenye viungo, na sakafu isiyocheza chini yake. Kilo 200 juu ya miguu inayoyumba zinakuwa mzigo unaobembea. Maelezo haya yanaanza na vipimo na mbao, kisha viungo, halafu mchanga wa kuongeza uzito, na mwisho sakafu. Vipimo ni vya mashine ndogo ya juu ya meza yenye kitanda (reli zinazobeba vichwa vyake) cha karibu mita 1, iwe ya dukani au iliyochomelewa na mafundi wa jua kali kwa vyuma viwili vya chaneli, yaani mashine ya kukereza miguu ya meza, nguzo za ngazi, michi na bakuli za hadi inchi 12.

Urefu unatoka kwenye kiwiko chako

Usinakili urefu wa benchi la jirani. Vaa viatu vya kazi, simama wima, kunja mkono, kisha mtu akupimie kutoka sakafuni hadi ncha ya kiwiko. Katikati ya ekseli ya mashine, mhimili unaozungusha kipande, inapaswa kuwa hapo, au sentimita 3 hadi 5 juu zaidi ikiwa kazi yako kubwa ni bakuli. Sasa pima mashine kutoka chini ya nyayo zake hadi katikati ya ekseli, na utoe. Kiwiko kikiwa sentimita 106 na mashine ikiwa na 28, benchi litakuwa na 78. Hicho ndicho kipimo tutakachotumia hapa, nawe uweke chako.

Benchi likiwa fupi, utainama siku nzima na mgongo utakuambia jioni. Likiwa refu mno, mabega yanapanda na mkono unakosa nguvu ya kuizuia patasi. Ukilazimika kuchagua, afadhali lirefuke kidogo, kwa sababu kipande cha ubao chini ya miguu yako ni rahisi kuongeza kuliko kukata miguu ya benchi iliyokwisha kufungwa. Mkifanya kazi wawili kwenye mashine moja, lipimeni kwa yule mrefu.

Mbao: ukavu kwanza, aina baadaye

Saipresi nyingi inayouzwa Nakuru na Kisumu hutoka mashamba ya miti ya nyanda za juu, Elburgon, Molo, Timboroa. Inapatikana kwa urahisi, inakubali randa na gundi, na inatosha kabisa kwa kazi hii. Mkaratusi, ambao umejaa mashambani kuanzia Vihiga hadi Kakamega, ni mzito na mgumu zaidi, lakini hujipinda na kupasuka ukikauka. Utumie kwa miguu tu, tena uliokwisha kauka wenyewe. Uso wa benchi wa mkaratusi mbichi utakuwa na nyufa kabla hujamaliza kazi ya kwanza ya mteja.

Shida kubwa ni kwamba mbao za yadi mara nyingi ni mbichi, hata zile unazoambiwa zilikatwa mwaka jana. Zimekaa zikinyeshewa. Usiulize muuzaji, pima mwenyewe. Zipange nyumbani kivulini, kila safu ikitenganishwa na vijiti vya inchi 1 vilivyowekwa kila futi 2, vijiti vya juu vikae sawasawa juu ya vya chini, na juu kabisa weka mawe. Kata kipande cha futi 1 kutoka katikati ya ubao mmoja, si mwishoni, kiweke kwenye rundo hilohilo, na ukipime kwa mizani ya dukani kila wiki. Uzito ukikoma kupungua kwa wiki tatu mfululizo, mbao zimekaribia ukavu wa mahali hapo. Ubao wa inchi 2 wa saipresi unaweza kuchukua miezi mitatu au minne, na Kakamega kwenye mvua nyingi utachukua zaidi. Ukikosa subira hiyo, nunua mbao kuukuu za paa lililobomolewa; zimekauka vizuri kuliko chochote cha yadi. Toa misumari yote kabla hujazipeleka kwenye mashine ya randa, la sivyo utalipia visu vya mwenyewe.

Wakati wa kuchagua, inua kila ubao na uutazame kwa jicho moja kutoka mwisho. Uliopinda kama upinde unanyooshwa na randa. Uliojisokota, kona moja juu na nyingine chini, uache hapohapo. Epuka mafundo makubwa kwenye mbao za miguu, hasa karibu na miisho ambako bolti zitapita.

Mahitaji

Vipimo vya mbao hapa ni inchi kama zinavyouzwa, kabla ya randa. Randa hula karibu milimita 5, kwa hiyo 4 kwa 2 inabaki sentimita 9.5 kwa 4.5.

Uso: mbao 4 za 4 kwa 2, kila moja futi 16. Kila ubao unatoa vipande vitatu, hivyo unapata 12, unatumia 10 vilivyo bora.
Miguu na mbao za kukingama: futi 28 za 6 kwa 2.
Mbao mbili ndefu za chini: futi 9 za 8 kwa 2.
Sakafu ya sanduku la mchanga: futi 12 za 6 kwa 1, na futi 8 za 2 kwa 1 za kuishikilia.
Plaiwudi ya milimita 18, nusu shiti.
Vyuma 4 vyenye nyuzi mwili mzima, milimita 12, vya mita 1 kila kimoja, pamoja na nati 24 na washa pana.
Bolti 16 za milimita 12, urefu wa milimita 120, kila moja na nati na washa mbili.
Chuma cha pembe cha milimita 50 kwa 50 kwa 5, vipande viwili vya sentimita 35.
Gundi nyeupe ya mbao, kilo 1.
Plastiki nzito ya kuzuia unyevu, ile inayotandazwa chini ya sakafu za nyumba, mita 2.
Mchanga wa mto, debe nne.

Misumari haimo, na isiongezwe. Msumari unashika kwa msuguano wa mbao, na mtetemo ndio unaoumaliza msuguano huo.

Uso wa benchi

Uso ni mbao 10 zilizosimamishwa kwa ubavu na kugundishwa, urefu sentimita 150, upana 45, unene 9.5. Ubao mmoja mpana wa inchi 2 ungekuwa rahisi, lakini ugumu wa ubao kupinda unakua kwa unene mara unene mara unene: ukiongeza unene maradufu, unapata ugumu mara nane. Hapa ndipo gharama ya mbao inapojilipa.

Piga randa pande zote mbili pana hadi mbao mbili zikiwekwa pamoja zisipitishe mwanga. Hakuna haja ya kununua kilampu kumi. Vyuma vyenye nyuzi vitafanya kazi ya kubana wakati wa gundi na kubaki humo maisha yote. Toboa kila ubao mashimo manne katikati ya upana wake, kwa biti ya milimita 14, umbali wa sentimita 5, 50, 100 na 145 kutoka mwisho mmoja. Tengeneza kwanza ubao mmoja kwa uangalifu, kisha uutumie kama kigezo cha mingine. Mbao mbili za nje zichimbwe upana wa sentimita 3 na kina cha sentimita 2 kuzunguka kila shimo ili nati na washa zizame ndani. Kata vyuma vinne vya sentimita 43.

Panga mbao bila gundi kwanza, kaza, ukague. Ukiridhika, fungua, paka gundi safu nyembamba iliyoenea pande zote mbili za kila kiungo, kisha kaza kuanzia vyuma vya katikati kwenda miishoni. Gundi ikichuruzika kwa matone madogo mstari mzima, umepaka vya kutosha. Sehemu isiyotoa tone imekauka au haijagusana. Kisumu mchana wa jua gundi huanza kushika ndani ya dakika chache, kwa hiyo fanya kazi hiyo asubuhi mapema au jioni, na uwe na msaidizi. Acha hadi kesho yake.

Baada ya hapo uso unanyooshwa. Weka fimbo mbili zilizonyooka, moja kila mwisho wa uso, chuchumaa na utazame juu ya ile ya karibu. Zikiwa hazilingani, uso umejisokota. Piga randa kukatisha nyuzi za mbao kwenye kona zilizo juu hadi fimbo zilingane, halafu malizia kwa urefu. Upande wa chini unahitaji kunyooshwa mahali tu ambapo viunzi vya miguu vitakaa.

Viunzi viwili vya miguu

Nguvu ya kipande kinachozunguka inasukuma benchi mbele na nyuma zaidi kuliko kushoto na kulia. Kwa hiyo miguu inatanuliwa kuelekea mbele na nyuma: upana wa sentimita 45 juu, 70 chini. Miguu ya mbele haitakukwaza kwa sababu iko miishoni, nawe unasimama katikati.

Chora kiunzi kwa ukubwa wake halisi, kwa chaki sakafuni au kwenye plaiwudi. Mstari wa chini sentimita 70. Juu yake kwa sentimita 68.5 (urefu wa benchi ukitoa unene wa uso) chora mstari wa sentimita 45, katikati ya wa kwanza. Unganisha miisho, na hapo una mteremko wa miguu, nyuzi 10 na kidogo. Usihangaike na hesabu za pembe. Weka ubao juu ya mchoro na uweke alama moja kwa moja.

Kila mguu ni tabaka mbili za 6 kwa 2. Tabaka la nje ni ubao mzima kutoka sakafuni hadi juu. Tabaka la ndani limekatwa vipande viwili, na kwenye mapengo yaliyoachwa zinakaa mbao za kukingama: moja juu kabisa, nyingine ikianzia sentimita 12 kutoka sakafuni. Kwa njia hii unapata kiungo kilichozama unene mzima wa ubao bila kupiga patasi hata mara moja, na ubao wa kukingama hauwezi kushuka wala kupanda, hata bolti zikilegea. Mpangilio ni huu: laza mbao za nje mbili juu ya mchoro, weka mbao za kukingama, kisha kata vipande vya ndani vijae kati yake kwa kubana. Pengo la milimita 1 hapa ni milimita 1 ya kucheza baadaye, kwa hiyo kata kwa urefu wa ziada na upunguze kwa randa kidogokidogo.

Gundisha, bana, kisha toboa kwa biti ya milimita 13 na ufunge bolti mbili kwenye kila kiungo. Zipange kimshazari, moja juu karibu na ukingo wa kushoto, nyingine chini karibu na ukingo wa kulia, sentimita 3 kutoka ukingoni. Katikati ya mguu pabaki wazi kwa ajili ya mbao ndefu. Washa ni lazima upande wa kichwa na upande wa nati. Bila washa, kichwa cha bolti kinazama ndani ya saipresi na unajidanganya kwamba umekaza. Kata miisho ya miguu baada ya kiunzi kukauka, sambamba na mstari wa sakafu. Viunzi vyote viwili vinafanana, kimoja kinageuzwa tu kutazamana na kingine.

Ncha za chini za miguu hunywa maji kuliko sehemu nyingine yoyote. Zisimamishe ndani ya kopo lenye dawa ya mbao au oili chafu ya gari usiku kucha. Dawa hiyo inapunguza pia hamu ya mchwa, ingawa haimalizi. Kinga ya kweli dhidi ya mchwa ni kuacha sentimita 20 kati ya benchi na ukuta na kumulika huko mara kwa mara. Njia yao ya udongo inaonekana mapema.

Kuunganisha viunzi

Mbao mbili za 8 kwa 2, kila moja sentimita 112, zinaunganisha viunzi na wakati huohuo ni kuta za sanduku la mchanga. Zinakaa wima, ukingo wa chini ukiwa sentimita 12 kutoka sakafuni, na mwisho wa kila ubao unagusa uso wa ndani wa mguu.

Zinafungwa kama vitanda vya zamani. Toboa mguu mashimo mawili ya milimita 13, moja juu ya jingine, sentimita 5 na 14.5 kutoka ukingo wa chini wa ubao mrefu. Ukiwa umeushikilia ubao mahali pake, pitisha biti ndefu kwenye shimo la mguu hadi iingie katikati ya kichwa cha ubao kwa sentimita 10. Kisha, kwenye uso wa nje wa ubao, chimba kidirisha cha sentimita 4 kwa 4, ukingo wake wa karibu ukiwa sentimita 9 kutoka mwisho, kina cha sentimita 3.5. Usitoboe hadi upande wa pili, mchanga utatoroka. Kipande cha chuma chenye nyuzi cha sentimita 22 kinapita mguuni na kutokea kidirishani, nati na washa kila upande. Ukikaza, ubao unavutwa dhidi ya mguu kwa nguvu ambayo gundi haiwezi kuifikia, na kesho kutwa ukihama karakana unafungua yote kwa spana moja.

Biti ikipotoka ndani ya kichwa cha ubao, chuma hakitaingia vizuri. Panua shimo la ubao hadi milimita 16, si la mguu.

Nyuma ya benchi, skurubia plaiwudi kwenye kingo za miguu ya nyuma, sentimita 130 kwa 55, skurubu moja kila sentimita 10. Ubao huo mwembamba ndio unaozuia benchi lisiyumbe kushoto na kulia, na mara nyingi ndio unaosahauliwa.

Sasa laza uso juu ya viunzi, ukizidi sentimita 10 kila upande. Chuma cha pembe kifungwe kwa bolti kwenye uso wa ndani wa ubao wa juu wa kukingama, na skurubu nene tatu za kukazwa kwa spana, milimita 10 kwa 75, ziingie juu kwenye uso. Kwenye chuma hicho, shimo la mbele liwe la duara, lakini la katikati na la nyuma yapanuliwe kuwa marefu, milimita 11 kwa 20, kuelekea nyuma. Uso wa sentimita 45 hunywea na kuvimba milimita chache kati ya kiangazi na masika. Ukiubana kila mahali, utapasuka kwenye gundi au utavipindisha viunzi.

Mchanga

Gundisha na kuskurubu vipande vya 2 kwa 1 ndani ya mbao ndefu, usawa wa ukingo wa chini, kisha juu yake laza mbao za 6 kwa 1. Ziba miisho kwa mabaki ya plaiwudi. Tandaza plastiki nzito kipande kimoja, ipande kuta zote.

Sanduku hili linameza lita 65 hivi, debe tatu na robo, na mchanga mkavu wa ujazo huo ni karibu kilo 100. Faida yake si uzito tu. Chembe zinasuguana mtetemo unapopita, na msuguano huo unaula mtetemo, jambo ambalo saruji ngumu haifanyi vizuri hivyo. Ndiyo sababu tunashauri mchanga wala si zege ndani ya sanduku.

Lakini uwe mkavu kabisa. Uchekeche, utandaze kwenye turubai juani kwa unene wa sentimita 5, uugeuze mara kwa mara kwa siku mbili au tatu. Kufumbata hakutoshi kuupima: weka konzi moja ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, funga, acha juani nusu saa. Ukiona ukungu ndani ya plastiki, bado. Mchanga wenye unyevu huozesha mbao na kutia kutu bolti kimyakimya. Ukisha kujaza, kunja plastiki juu yake na ufunike kwa ubao, maana vumbi la mbao likichanganyika humo litaleta unyevu na wadudu.

Sakafu

Sakafu ya saruji iliyo nzima ya sentimita 10 au zaidi inatosha. Weka chini ya kila mguu bamba la chuma la milimita 6, na uzibe uwazi uliobaki kwa mchanganyiko wa saruji na mchanga ili mguu uketi wote. Vipande vya tairi chini ya miguu tunavipinga: benchi linaanza kudunda kama gari bovu. Mpira mgumu wa milimita 3 hadi 5 unaruhusiwa, kwa kuzuia kuteleza tu.

Kwenye sakafu ya udongo, mimina misingi miwili, mmoja chini ya kila kiunzi, urefu sentimita 90, upana 30, kina 15. Zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) kwa misingi yote miwili litachukua kama nusu ya mfuko wa saruji wa kilo 50. Mwagilia na ufunike kwa magunia siku 7 kabla ya kuweka mzigo.

Wakazi wa tambarare ya Kano na sehemu za Kisumu zenye udongo mweusi mzito wana kazi ya ziada. Udongo huo huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na msingi wa sentimita 15 utapanda na kushuka nao. Chimba angalau sentimita 45, utoe udongo mweusi, ujaze murram kwa tabaka za sentimita 15 huku ukiishindilia, kisha mimina zege juu. Hata hivyo rudia kupima usawa wa benchi baada ya kila msimu wa mvua. Nakuru shida ni nyingine: udongo wa majivu ya volkano ni laini na hukokotwa na maji, kwa hiyo maji ya paa yasiangukie karibu na ukuta wa karakana.

Kuiweka mashine

Nyayo za mashine zikae juu ya viunzi au karibu navyo kadiri inavyowezekana, hasa ule wa upande wa mota. Isogeze mbele, nyayo zikiwa sentimita 5 tu kutoka ukingo wa mbele wa benchi. Ukikereza ndani ya bakuli, mpini wa patasi unashuka chini sana, na uso mpana mbele ya mashine utauzuia.

Kabla ya kutoboa, weka ncha mbili za mashine zikutane, ya upande wa mota na ya nyuma. Zigusane kama sindano mbili. Toboa, pitisha bolti hadi chini ya uso, na chini weka mabamba ya chuma ya sentimita 5 kwa 5 badala ya washa ndogo. Kaza bolti moja baada ya nyingine huku ukitazama ncha. Zikiachana, kitanda cha mashine kinasokotwa na uso usio sawa. Legeza, tafuta wayo unaoelea, na usukume chini yake kipande cha bati la paa la geji 30, ambacho ni kama milimita 0.3. Kwa marekebisho madogo zaidi kata kopo la soda, karibu milimita 0.1. Kazi hii inachosha, lakini mashine iliyosokotwa itakukerezea miguu ya meza isiyolingana na itamaliza beringi mapema.

Mota ikiwa ya pembeni, usiifungie ndani ya benchi pamoja na maranda. Joto na vumbi havipatani. Swichi iwe upande wa kichwa cha nyuma, kile kinachoshikilia mwisho wa pili wa kipande, unapoweza kuifikia bila kuvuka mbele ya kipande kinachozunguka, na iwe ya aina inayojizima stima ikipotea. Stima ikirudi ghafla wakati mkono uko kwenye kipande, hakuna benchi litakalokuokoa.

Majaribio na hitilafu

Funga kipande cha duara kilichosawazishwa, weka glasi ya maji kwenye uso wa benchi, na upandishe kasi hatua kwa hatua. Mota ya kawaida ya mizunguko 1,450 yenye puli ya sentimita 5 ikizungusha puli ya sentimita 15 inatoa kama 480, mahali pazuri pa kuanzia. Tazama maji. Yakitulia kwenye kasi zote isipokuwa moja, hiyo ndiyo kasi ambayo benchi lako linaitikia. Andika kwa chaki kwenye mashine, na usikereze ukiwa hapo. Kuongeza mchanga kunaishusha kasi hiyo, kukaza viungo kunaipandisha.

Kasi yenyewe ina kanuni: zidisha kipenyo kwa inchi mara mizunguko kwa dakika, jibu likae kati ya 6,000 na 9,000. Bakuli la inchi 10 liende 600 hadi 900, na likiwa bado gogo lisilosawazishwa uanze chini ya hapo. Benchi zuri halikupi ruhusa ya kupita kiwango hicho.

Benchi likitembea sakafuni, usiongeze uzito kabla hujaangalia kama mguu mmoja unaelea. Jaribu kupitisha karatasi chini ya kila mguu. Mlio wa gonga-gonga kwenye kasi ndogo mara nyingi ni nati ya kidirishani iliyolegea. Mawimbi yakitokea katikati tu ya kipande kirefu chembamba, huku miisho ikiwa laini, benchi halina kosa: kipande chenyewe kinapinda mbele ya patasi na kinahitaji kushikiliwa katikati. Ncha zikiachana baada ya masika, anza na sakafu kabla ya kugusa vipande vya bati.

Kaza nati zote wiki mbili baada ya kumaliza, halafu tena kila Januari na Februari kiangazi kinapokomaa, kwa sababu mbao hunywea kwa unene na bolti inabaki na urefu wake. Vyuma vinne vya uso vinakazwa wakati huohuo. Ikifika Agosti na mbao zimevimba, usilegeze nati. Mbao zikibana sana zitabonyea kidogo chini ya washa, na kiangazi kijacho utazikaza nati robo mzunguko.